Riwaya inayonipa amri: niitii au niiasi?

Kifungu_cha_Nne:

Wakuu, salamu. Naombeni ushauri kabla sijakirusha kitabu cha watu dirishani.

Kazi yangu ni kusoma mikataba. Kutwa nzima kifungu cha 4 kinanirudisha cha 2, cha 2 kinanituma kwenye jedwali la mwisho, na jedwali linasema "kama ilivyoelezwa katika kifungu cha 4". Ndiyo maana jioni nasoma riwaya. Nataka mtu anishike mkono, aniambie kulikuwa na mtu na mke wake, twende, tusirudi nyuma.

Sasa kuna rafiki yangu, ambaye kuanzia juzi namwita rafiki kwa tahadhari, kaniazima Rayuela ya Julio Cortázar, yule Mwargentina. Ilitoka 1963, mimi naisoma kwa Kiingereza. Jina ni la ule mchezo wa watoto wa kuruka kwa mguu mmoja kwenye vyumba vilivyochorwa chini. Nikafungua ukurasa wa mwanzo nikitegemea hadithi, nikakuta maelekezo ya matumizi! Mwandishi anasema kitabu hiki ni vitabu vingi, ila hasa ni viwili. Cha kwanza unasoma sura ya 1 hadi ya 56 kama binadamu wengine, halafu zilizobaki unaweza kuziacha bila majuto yoyote. Cha pili kinaanzia sura ya 73, kisha 1, kisha 2, kisha 116, 3, 84, 4, 71, na kuendelea hivyo mpaka kichwa kiume. Sura zote ni 155.

Kwa mazoea ya kazini nikatii. Narukaruka. Kila nikianza kuwapenda wahusika, natumwa nyuma ya kitabu kusoma kipande cha gazeti au mawazo ya mzee fulani juu ya uandishi, kisha narudishwa. Kidole kimoja kipo sura ya 20, kingine kipo mbele huko, kikombe nashika kwa mkono gani?

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, niendelee kuruka au ninyooke? Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi: hii michezo ya waandishi, kuna mtu inampa raha kwelikweli, au tunajifanya tu ili tuonekane tumesoma?

Nukta_Mkato:

Mkuu, nyooka. Soma 1 hadi 56 kwanza, uwajue watu. Oliveira anamtafuta La Maga Paris, baadaye yuko Buenos Aires na bado anamtafuta, na humo ndani kuna mapenzi, kuna wivu, kuna ubao uliotandikwa kutoka dirisha hadi dirisha juu ya barabara. Sura ya 28 isome ukiwa peke yako na muda wa kutosha. Sisemi zaidi. Ukishaimaliza utajua kuwa huyu bwana hadithi anaijua, akiamua.

Ukitaka kuruka, ruka mara ya pili. Hapo ndipo utamuona alivyo mtundu. Sura ya 34, kwa mfano, usiisome mstari baada ya mstari, utadhani mchapaji alilewa. Mistari ya namba witiri ni riwaya ya zamani ambayo Oliveira anaisoma, na mistari ya namba shufwa ni anachokiwaza yeye huku anaisoma, akiidharau. Yaani macho yake na kichwa chake vimechapwa pamoja, kimoja ndani ya kingine. Mimi nilipogundua nilicheka kwa sauti, maana hivyo ndivyo ninavyosoma vitabu nisivyovipenda.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa vifungu, nikuchomee siri moja. Ukifuata ile ramani ya kuruka, sura ya 55 huifikii kabisa, haimo kwenye orodha. Halafu mwishoni sura ya 131 inakutuma 58, ya 58 inakurudisha 131. Basi. Unazunguka hapo mpaka ufe. Anayenyooka anamaliza kitabu, anayetii hamalizi.

Kifungu_cha_Nne:

Kwa hiyo mtiifu ndiye anayeadhibiwa. Ahsante. Huo mzunguko wa 131 na 58 ningeuona kwenye mkataba ningeurudisha kwa wino mwekundu.

Mama_Riwaya:

Mwanangu, nyote wawili mnajisumbua. Mimi nimesoma riwaya tangu nikiwa na meno ya utotoni na msimamo wangu haujabadilika: mwandishi akiishiwa hadithi, huanza mazingaombwe. Yupo Mfaransa mmoja, Raymond Queneau, mwaka 1961 alitoa kitabu cha soneti 10, kila moja mistari 14, na kila mstari umekatwa kama utepe unaofunuka peke yake. Unafunua huu unaacha ule, unapata shairi jipya. Mashairi trilioni 100! Mwenyewe akapiga hesabu kwamba ukisoma usiku na mchana bila kupumzika utahitaji miaka kama milioni 190. Nikajiuliza, katika hayo yote kuna hata moja la kumliza mtu? Kuhesabu si kutunga.

Lakini nisiwe mchoyo. Kuna mchezo mmoja naukubali, kwa sababu ulitokana na hasira, haukutokana na uvivu. Cervantes, Mhispania, alitoa sehemu ya kwanza ya Don Quixote, riwaya ya mzee anayejiona shujaa wa farasi, mwaka 1605. Ikapendwa. Akachelewa kutoa ya pili. Mwaka 1614 akatokea mtu aliyejificha nyuma ya jina la Avellaneda, akatoa sehemu ya pili ya uongo, na humo ndani akamtukana Cervantes kwa uzee wake na mkono wake ulioumia vitani. Wewe ungefanya nini? Ungeenda mahakamani. Cervantes alimpeleka mwizi wake ndani ya riwaya.

Katika sehemu ya pili ya kweli, ya mwaka 1615, watu wanaokutana na Don Quixote tayari wamemsoma. Wanamjua kutoka kitabuni! Wanamchekea usoni, wanamtegea mitego wakijua atanasa wapi. Kisha siku moja yuko kwenye nyumba ya wageni, anasikia kupitia ukutani wasafiri wawili wanasoma kile kitabu cha bandia, ambamo imeandikwa kuwa ameacha kumpenda Dulcinea, kipenzi cha moyo wake. Mzee akawaka! Na kwa kuwa kitabu cha uongo kilimpeleka mashindano ya Zaragoza, yeye akageuza safari palepale: Zaragoza hakanyagi, anakwenda Barcelona, ili dunia nzima ijue yule mwingine ni muongo. Huko Barcelona akaingia kwenye nyumba ya kupiga chapa, na unadhani akakuta wanasahihisha kurasa za kitabu gani?

Na hili ni lako, wewe wa mikataba. Karibu na mwisho anakutana na bwana mmoja aitwaye Don Álvaro Tarfe. Huyo ni mhusika wa kile kitabu cha bandia. Kavuka tu, kaingia cha kweli. Don Quixote anamfanyaje? Anamwita hakimu wa kijiji na karani wake, anamtaka bwana yule atoe tamko rasmi, kwa maandishi na taratibu zote za kisheria, kwamba Don Quixote aliyemjua kule siye huyu aliye mbele yake.

Hapo nilikubali mchezo. Kiapo cha kisheria kinachotolewa na mtu asiyekuwapo, kwa faida ya mtu asiyekuwapo, dhidi ya mtu aliyejificha. Na bado ni hadithi, unacheka na unamhurumia mzee.

Kifungu_cha_Nne:

Mama, umenimaliza. Nilikuwa nasoma maelezo yako kazini na ilibidi nijifanye nakohoa. Swali la kitaalamu: je, tamko la mhusika wa kitabu cha bandia lina nguvu ndani ya kitabu cha kweli? Mimi ningelipinga kwa msingi kwamba shahidi hana makazi yanayojulikana.

Kiko_cha_Msa:

Nimechelewa kufika barazani, samahanini. Naona mnazungumza kana kwamba michezo hii ni mali ya Ulaya na Argentina. Washairi wetu walikuwa wanajifunga kamba makusudi zamani sana. Kuna tungo ambazo kila ubeti unaanza kwa herufi inayofuata, alifu, be, te, mpaka zimalizike. Kuna kikwamba, neno lile lile linafungua kila mshororo na bado lazima usikike kama mtu anayesema na siyo kengele. Kuna pindu, ambamo mwisho wa ubeti unakuwa mwanzo wa ubeti unaofuata, hadi shairi zima linaning'inia kama mkufu. Juu ya hayo mizani na vina vya kati na vya mwisho. Hakuna aliyewaambia wameishiwa.

Katika nathari pia. Shaaban Robert mwaka 1951 alituwekea Kusadikika, nchi nzima iko angani, raia wake wamo humo wanashtakiana, na Karama anajitetea barazani siku baada ya siku kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita, maana pande za kawaida hazikumtosha mwandishi, akaongeza juu mbinguni na chini ardhini. Mimi nilipokuwa mdogo sikujua kuna fumbo la siasa humo. Nilichotaka kujua ni kama mtu akijikwaa Kusadikika anaanguka wapi. Na ukitaka kuchanganyikiwa kwa heshima, shika Nagona na Mzingile za Kezilahabi, za 1990 na 1991. Vyembamba vyote viwili, na havisomeki kwa haraka hata ukifukuzwa.

Ila kuna mchezo mmoja sijauona kwetu. Georges Perec, Mfaransa pia (Mama_Riwaya atanisamehe), mwaka 1969 alitoa La Disparition, riwaya ya kurasa kama mia tatu isiyo na herufi e hata moja. Na e ndiyo herufi inayotumika kuliko zote katika Kifaransa. Ni hadithi ya upelelezi: mtu katoweka, wenzake wanamtafuta, kila anayekaribia kugundua kilichopotea anakufa. Gilbert Adair akaitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1994, bila e vilevile. Waliotafsiri kwa Kihispania mwaka 1997 waliacha a badala ya e. Na Mama, kabla hujasema mazingaombwe: baba yake Perec alikufa vitani mwaka 1940, mama yake akapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mwaka 1943, mtoto akabaki. Wasomaji wengi wanaona kitabu kizima ni mtu anayeandika kuzunguka shimo.

Swali langu barazani: kwa Kiswahili tungeacha herufi gani? Bila shaka a. Nani ana kifua?

Mama_Riwaya:

Hilo la wazazi wake sikuwa nalijua. Narudisha upanga alani, kwa huyo mmoja tu.

Kifungu_cha_Nne:

Kiko, umeniharibia usiku. Nilikaa nikijaribu aya moja tu bila a, na nimegundua kwamba tatizo halipo kwenye maneno. Maneno yapo. Tatizo ni kwamba dunia yenyewe inabomoka.

Angalieni. Vitenzi vyetu vingi vinaishia na a, kwa hiyo huwezi kusema nilisoma, nilikula, nilipenda. Unabaki na vile vya kina rudi, keti, jibu, fikiri, subiri. Wakati uliopo umekufa kwa sababu ya -na-. Wakati ujao umekufa kwa sababu ya -ta-. Kukanusha kunaruhusiwa: sioni, sisemi, sijui. Yaani mtu wa dunia hii anaweza kukana mambo mengi kuliko anayoweza kukiri.

Yeye na wao ni taabu zaidi. Kiambishi a- hakipo, wa- hakipo. Kilichobaki ni hu- ya mazoea: mzee huketi, mzee hujibu. Kwa hiyo mtu mwingine hawezi kutenda jambo mara moja jana saa mbili. Ana tabia tu, hana matukio.

Halafu likaja lililonivunja, mimi niliyezeeka kwenye mikataba. Wangu, wako, wake, wao: zote zina a. Changu hakuna, chako hakuna, chake hakuna. Kilichobaki ni chetu na chenu! Nilitaka kuandika "mke wangu", nikajikuta nimeandika "mke wetu", nikaifuta sentensi haraka kabla haijaleta kesi. Mali binafsi haipo, na hakuna hata herufi ya kuidai.

Na giza limeondoka. Na kimya. Na nyumba. Mlango pia. Haya, nilichoambulia ni hiki, msinicheke:

*Nilirudi usiku. "Hodi, hodi!" Sijibiwi. Niliketi nje, kwenye jiwe lile letu, nikisubiri. Upepo, mbu, jogoo. Mzee mwenye fimbo huketi pembeni, hufikiri, hujibu: "Sijui, mwenzetu, sijui." Simwoni mke, simwoni mtoto, siioni simu. Moyo umekufuru, umetubu, umekufuru. Ee mpenzi, njoo. Njoo, nikujibu lile ulilonisihi nijibu. Mpenzi hurudi.*

Nilianza kwa utani. Sikupanga mke aondoke. Ni herufi zilizomuondoa: kila nilipotaka kumrudisha nyumbani, neno lilikataa.

Nukta_Mkato:

Mkuu, nimeikagua kwa kidole, a hakuna. Hongera.

Sasa nenda kwenye sentensi yako ya mwisho uweke mkato baada ya "Mpenzi". Bila mkato, mpenzi ana kawaida ya kurudi, kuna matumaini. Ukiweka mkato unamwambia usoni kwamba yeye harudi tena. Herufi hazijabadilika. Ulikusudia ipi?

Kifungu_cha_Nne:

Sikuiona kabisa. Nimeifungua mara kadhaa tangu uniambie, na kila nikikusudia kuamua nafunga. Iache bila mkato. Mtu wangu kakaa kwenye jiwe usiku kucha, apate hata hicho.

(Na sasa nakielewa kile ulichosema kuhusu sura ya 34. Nimenyooka, niko kati ya Paris na Buenos Aires, nimemwacha Cortázar na ramani yake.)

Msomi_wa_Foleni:

Napita tu. Kwa wenye muda mdogo: Augusto Monterroso ana hadithi ya maneno saba kwa Kihispania, mtu anaamka na dinosaria bado yupo palepale. Imekwisha. Imo kwenye kitabu chake cha kwanza kabisa, cha 1959, alichokiita "Kazi Kamili (na hadithi nyingine)". Kitabu cha kwanza, kazi kamili, na bado kuna nyingine. Mimi jina tu la kitabu lilinitosha wiki nzima.

Kiko_cha_Msa:

Kifungu_cha_Nne, umenichokoza. Perec naye, baada ya kuzifukuza e zote, mwaka 1972 alirudi na kitabu kingine ambacho irabu yake ni e peke yake, kama vile zile zilizofukuzwa zimerudi kudai. Nikasema basi na mimi niwarejeshee a zenu. Irabu moja tu, nyingine zote marufuku. Na hapa Kiswahili kinateleza mno, inabidi ujizuie:

*Saa saba Abdalla akaja kwa Saada. Akala, akanawa, akataka karata. Saada akachanganya, Abdalla akakata. Karata ya kwanza, Saada. Karata ya saba, Saada. "Aa! Saada wadanganya!" "Hapana, bwana." Abdalla akatawanya karata, akaaga. Saada akapanga karata, akala nyama kwa raha, akalala.*

Mnaona tofauti? Kule kwake hakuna tukio, huku ni matukio matupu. Kule mtu anaketi na kufikiri, huku hakuna anayefikiri, wanakula na kulala. Sikupanga pia.

Kifungu_cha_Nne:

"Akapanga karata, akala nyama kwa raha, akalala." Huyu mwanamke namwogopa.

Mama_Riwaya:

Kiko, michezo yenu nimeiacha pembeni, nina swali moja la msingi. Huyu Saada alidanganya au hakudanganya?

Kiko_cha_Msa:

Mama, hata mimi sijui. Na hata kama alidanganya asingeweza kukiri. Ndani ya hadithi ile "ndiyo" haipo, ina i na ina o. Jibu pekee aliloruhusiwa ni "hapana".

Mama_Riwaya:

Na "naam" je?